Sikio la Nguruwe

Rehoboth, koloni la Plymouth, 1675

Tunapanda jani la mwaloni
likifikia ukubwa wa sikio la kindi. Si kabla.
Mahindi katikati, maharage yaparamie bua,
maboga yatandae chini yazibe magugu,
samaki mmoja kila tuta.
Hiyo ndiyo kalenda yangu. Sikuwa na nyingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: walikuja.
Siku mbili tukawapa uji.
Ya tatu tukawapa jembe,
jembe la gamba la kome, mpini wa mti mgumu.
Walilipokea kwa mikono miwili.
Ya nne walijenga uzio.

Mji wao wakauita Rehoboth.
Niliuliza maana. Yule binti wa jirani,
ambaye wazazi walimpa jina Kimya
naye hupiga domo kuliko kunguru,
akanyoosha mikono yote miwili hadi akayumba:
"Maana yake nafasi. Mungu ametupa nafasi."
Nikatazama ilipoishia mikono yake.
Kidole cha kushoto kilikuwa juu ya maboga yangu.

Kisha nguruwe.
Hawafungwi wale, huachiwa wajitafutie.
Walishuka ufukweni maji yakipwa,
wakafukua kome kwa pua, wakala
hata vile vichanga vya mwakani.
Wakapanda juu, wakanusa shimo la akiba,
wakapasua udongo, wakapasua mikeka,
wakafika kwenye mbegu.
Mbegu, jamani. Mbegu hailiwi hata na mwenye njaa.

Mwanangu Tahkos akamchoma mmoja mkuki.
Akamleta begani, mzito kama deni.

Nikaitwa barazani.
Karani Luscombe alikuwa na daftari la ngozi.
Habari za kome hakuziuliza. Aliuliza sikio liko wapi.
Nikalitoa mfukoni; hata mimi najua
kesi haiendi bila kidhibiti.
Akalilaza kwenye ukurasa, akalinyoosha kwa kidole:
mkato kama mkia wa mbayuwayu, tundu dogo chini yake.
Akafunua, akafunua, akapata.
"Huyu ni wa Obadiah Crouch."
Na kweli alikuwamo, nguruwe mzima, kwa wino.
Nikamwomba anitafutie shamba langu humo.
Akacheka, si kwa ubaya.
Nikamwomba anitafutie mimi.

Alitafuta, kusema haki. Akanikuta nyuma kidogo,
katika hati aliyoitia alama mjomba Wussoke
mwaka ule wa homa, kwa makoti manne na sufuria ya shaba:
msalaba uliopinda mkia, mkono wa mgonjwa,
na chini yake, mwandiko nadhifu,
nchi yote hadi mtoni
pamoja na vilivyomo.

Faini ilikuwa pishi ishirini za mahindi.
Mahindi yapi, sikuuliza.

Mwaka uliofuata tukafuga wetu.
Baraza likakaa, likatoka na neno:
mwenyeji asikate sikio la nguruwe yeyote,
na nguruwe asiye na mkato hana mwenyewe
ila atakayemtangulia kumkata.
Nadhani vita vilianzia hapo,
ingawa watakaoandika wataanza na moshi.

Jana jioni Kimya alikuja kuomba mbegu za maboga.
Miguu mitupu, goti lina kidonda.
Nikampa konzi moja. Nikamwambia,
mwambie mama yako mkalale kwa shangazi, ng'ambo,
leo, msingoje jumapili yenu.
Alinitazama. Hakusema kitu.
Akaondoka akikimbia, mbegu zikidondoka njiani,
nami sikuziokota.

Sasa usiku. Mahindi yamefika magotini.
Tahkos ameniomba kisu cha mjomba,
nimempa, hatukutazamana.
Kisha nikajikuta nimekaa gizani
nimeshika sikio langu mwenyewe,
nalipapasa ukingo wote, polepole,
kutafuta mkato.